Kijibarua cha Garancher

Sabina Machage alipostaafu kazi ya ukalimani Arusha, alirudi Musoma bila mume, bila gari, na akiwa na sanduku la bati ambalo hakumruhusu mtu yeyote alibebe. Alipanga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Mukendo, akaliweka sanduku juu ya meza, mbali na ukuta wenye unyevu, na majirani wakaanza kukisia. Wengine walisema ni hati za mashamba. Wengine walisema ni mambo ya Arusha, wakaishia hapo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vijibarua vya waandishi wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa, ambavyo baadaye vilifika thelathini na kimoja, kila kimoja na saini ya mwenyewe chini yake.

Alianza bila kukusudia. Kifaransa alifundishwa na masista shuleni, na Arusha kilimpa kazi ya maisha. Mwaka mmoja mama wa Kifaransa aliyekuwa akikaa naye ofisi moja alirudi kwao, na siku ya kuagana akampa kadi ndogo ya manjano. Ilikuwa imeandikwa na mtunzi mmoja mkubwa wa riwaya, na ilikuwa na sentensi mbili tu: anashukuru kwa matikiti aliyoletewa, na mawili kati ya hayo yalikuwa mazuri. Sabina aliisoma mara kumi jioni hiyo. Shuleni watu hawa walikuwa picha za ndevu kwenye kitabu. Kumbe walikula matikiti, wakayapanga kwa ubora, na wakashindwa kunyamaza.

Toka hapo hakuacha. Barua ndefu za mapenzi na za siasa hakuzigusa, hizo zina wenyewe, matajiri na majumba ya makumbusho. Yeye alitafuta vile vikaratasi ambavyo hakuna aliyevigombania: samahani siwezi kuja kula, naomba unirudishie mwavuli wangu, mwanangu ana surua, kiti ulichonitumia kina miguu mitatu. Hata alipohamia Musoma viliendelea kuingia kwa posta, kimoja kimoja, na karani wa posta aliyeitwa Alfonsi alishazoea kumwona Sabina akifungua bahasha palepale dirishani na kucheka peke yake.

Saini ya mtu mmoja tu ndiyo aliyoikosa. Théodule Garancher aliandika riwaya nene kumi na nane, na barua chache kuliko mtu yeyote wa wakati wake, kwa sababu aliona barua ni kupoteza wino. Sabina alimtafuta miaka kumi na miwili. Mara mbili alimpata kwa wauzaji wa Ulaya, mara ya kwanza akachelewa kwa siku moja, mara ya pili ikagundulika ni maandishi ya mtu mwingine. Mwandiko wake aliujua vizuri kwenye picha za vitabuni, hasa ile G kubwa iliyopinda kama pembe ya ng'ombe, na mstari unaorudi nyuma kulikata jina zima kana kwamba mwenyewe ameghairi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikuja mwanamume wa makamo, amevaa koti na viatu vyenye vumbi, akajitambulisha kwamba anaitwa Eliud, mwalimu, kwao ni Butiama. Alikuwa ameelekezwa na Alfonsi wa posta, ambaye ni shemeji yake. Alikunywa chai, akauliza habari za mvua, akasema kwamba binti yake Brenda, muuguzi huko Bunda, anaolewa baada ya wiki tatu. Kisha akatoa simu.

Kwao, alieleza, kuna karatasi ya baraka. Babu yake, Bernado, alipewa na padri wa Kifaransa aliyekaa jirani naye miaka mingi, Padri Leonsi. Imeandikwa Kifaransa, iko kwenye fremu ukutani, na hakuna harusi ya ukoo inayofanyika bila hiyo. Mkubwa wa familia anaishika juu ya vichwa vya maharusi na kusema maneno yake: nyumba hii isikose wageni, wala moto jikoni. Sasa Brenda alikuwa ametaka kitu cha ziada. Alitaka safari hii isomwe yenyewe, kwa Kifaransa chake, kisha kwa Kiswahili, na mtu anayejua.

Sabina alisema itakuwa heshima kwake. Alidhani ataonyeshwa sala iliyonakiliwa na padri. Akaichukua simu, akavuta picha kwa vidole viwili. Picha ilikuwa na ukungu na kioo cha fremu kilikuwa kimeakisi dirisha, lakini kwenye kona ya chini kulikuwa na G iliyopinda kama pembe ya ng'ombe, na mstari uliorudi nyuma.

Aliirudisha simu mezani taratibu. Akamuuliza Eliud kama kesho baada ya misa inafaa.

Nyumba ya marehemu Bernado ilikuwa nje kidogo ya Butiama, ya matofali, imezungukwa na migomba na mawe makubwa. Aliyekuwa akiishi humo sasa ni binti yake, Bibi Nyamburi, mwanamke wa miaka themanini na sita, mwembamba, anayesikia vizuri kuliko alivyotaka watu wajue. Eliud alikuwa mtoto wa kaka yake. Brenda naye alikuwa amefika kutoka Bunda, amebeba mikate. Walimkaribisha Sabina kwa uji wa ulezi, wakamuuliza ukoo wake, wakagundua kwamba shangazi wa mama yake aliolewa karibu na hapo, na baada ya hayo yote ndipo Eliud akaitoa fremu ukutani na kumwekea magotini.

Ilikuwa ni yeye. Karatasi, wino, ile pembe ya ng'ombe. Mwaka ulikuwa 1872. Sabina alivuta pumzi, akasoma, na alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena, akitumaini kwamba Kifaransa chake kimeharibika.

"Bibi," ndivyo kijibarua kilivyosema, "jogoo wako ameanza tena. Wiki hii nimeandika kurasa nne tu. Ama ahame yeye, ama nihame mimi. Kama ni yeye, naomba nijulishwe siku, ili nije kumuaga mezani. Garancher."

Watu watatu walikuwa wakimtazama. Brenda alikuwa ameshika daftari kabisa, tayari kuandika.

Baadaye Sabina alimsimulia rafiki yake Stellah, mwenye duka la vitenge jirani na kwake, kwamba dakika ile aliujua ubaya wake. Kwa sababu wazo la kwanza halikuwa juu ya harusi wala juu ya yule bibi. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ingetosha aseme kweli nusu. Aseme kwamba jamani, hii si baraka, ni malalamiko ya mtu juu ya kuku. Familia ingeona aibu, ingetaka karatasi itoke machoni, na yeye angejitolea kwa upole kuichukua na kuwaletea badala yake picha nzuri ya Familia Takatifu. Wangemshukuru. Alikuwa ameshaanza hata kuchagua fremu.

"Inasemaje?" aliuliza Bibi Nyamburi.

Sabina akasema kwamba ni barua kwa jirani. Ilikuwa kweli, na ilimpa muda. Kisha aliona jambo jingine lililomtoa kwenye mawazo yake: upande wa kushoto wa karatasi, ulioelekea dirishani, wino ulikuwa umefifia mpaka rangi ya chai. Maneno mawili aliyasoma kwa kukisia. Akawaeleza kwamba jua linaila, na akaomba ruhusa ya kuifungua fremu aone hali ya karatasi. Bibi Nyamburi akamtazama Eliud, Eliud akaenda kuleta bisibisi.

Misumari midogo minne ilitoka kwa shida, na ubao wa nyuma ukaachia. Sabina aliigeuza karatasi juu ya leso yake safi. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko mwingine, wa penseli, wa herufi za kishule, na ulikuwa wa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Brenda aliinama juu ya bega lake, akasoma kwa sauti kabla Sabina hajawahi kuiziba.

"Kwa jirani yangu Bernado. Bibi yangu alipewa hii kwa sababu ya jogoo wake. Nami nakupa wewe kwa sababu ya wako. Leonsi, 1946."

Eliud akauliza jogoo gani. Basi hapo hapakuwa na pa kujificha. Sabina alisoma upande wa mbele kwa Kifaransa, polepole, kisha akatafsiri neno kwa neno, kama alivyofanya kazini miaka thelathini, bila kuongeza wala kupunguza. Alieleza kwamba huyo bibi aliyeandikiwa ndiye bibi mzaa mama au mzaa baba wa Padri Leonsi, na kwamba mwandishi alikuwa mtu mwenye jina kubwa sana kwao, na barua zake ni adimu kuliko anavyoweza kueleza. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ameitafuta saini hiyo miaka kumi na miwili. Hakulazimika kulisema hilo, ila aliona bora lijulikane.

Brenda aliacha kalamu. Eliud alikaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa mtu mwenye mpangilio, na kichwani alikuwa ameshaona kadi za mwaliko mia mbili zilizokwisha kutoka, zenye mstari wa mwisho unaosema kutakuwa na usomaji wa Baraka ya Ukoo. Upande wa bwana harusi ulikuwa unatoka Mugeta, wafugaji, watu wasiocheka ovyo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba labda dada Sabina angesoma Kifaransa kama kilivyo, kwa kuwa hakuna atakayekielewa, kisha kwa Kiswahili angesema yale maneno ya siku zote. Nani angejua.

Sabina akamjibu kwamba angejua yeye. Alisema kwa adabu, lakini alisema kwamba hajawahi kumwekea mtu maneno mdomoni, awe hai au amekufa, na hangeanza na Garancher.

Ndipo waliposikia sauti, na ikawachukua muda kutambua kwamba Bibi Nyamburi anacheka. Alicheka bila kufungua mdomo sana, mabega ndiyo yaliyokuwa yakipanda na kushuka, mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Alikuwaga mwekundu," alisema. "Miguu minene kama ya bata mzinga. Saa tisa usiku anaanza, na anapandaga juu ya ukuta wa padri, siyo wetu."

Alikuwa na miaka minane wakati huo. Alikumbuka kwamba padri alikuja kulalamika mara nyingi, na baba yake kila mara akasema pole. Alikumbuka siku padri alipoleta bahasha badala ya maneno. Wakakaa wawili uani, padri akasoma, akageuza, baba akasoma nyuma, maana baba alikuwa katekista na kusoma alijua. Baba alicheka mpaka akashika mti. Jumapili iliyofuata jogoo alipikwa, na padri alialikwa kuja kumuaga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mzungu kula mezani kwao. Bibi Nyamburi ndiye aliyemnawisha mikono. Baada ya hapo padri alikuja kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, mpaka alipohamishwa, na akija anakuja na watu wengine, na mama yake Nyamburi akazoea kuweka sufuria kubwa.

"Kwa hiyo babu alijua," alisema Eliud.

"Alijua. Alikuwa anasemaga tu, karatasi hii ilituletea mgeni. Sisi ndio tukaongeza. Kaka yako mkubwa alivyooa, mtu akasema isikose wageni. Harusi nyingine mtu akaongeza moto jikoni. Baba yuko pale anasikia, anatabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza imeandikwa nini."

Nje mtu alikuwa anapita na ng'ombe, na kengele ya mmoja wao ikasikika mpaka kwenye migomba.

Brenda ndiye aliyechukua tena kalamu. Alimwomba Sabina arudie ile sehemu ya kumuaga mezani, aiandike sawasawa. Eliud akaanza kusema kuhusu watu wa Mugeta, na shangazi yake akamwambia kwamba watu wa Mugeta nao wanafuga kuku.

Karibu wiki tatu baadaye Sabina alikuwa Bunda, kwenye ukumbi uliopambwa kwa vitambaa vya rangi ya zambarau, amevaa gauni la kitenge ambalo Stellah alimchagulia dukani kwake na kukataa kulipiwa. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa amezoea kuongea kutoka chumba cha vioo, masikioni mwa watu, pasipo kuonekana. Sasa alikuwa anangoja zamu yake kati ya kwaya na keki. Karatasi, ambayo familia ilimwachia aitunze mpaka siku hiyo, ilikuwa mkobani, ndani ya bahasha yake maalumu, kati ya vipande viwili vya kadibodi.

Mshereheshaji alimtambulisha kama mtaalamu kutoka Ufaransa. Sabina alisahihisha kwamba anatoka Mukendo, na watu wakapiga makofi zaidi. Kisha akasoma Kifaransa. Ukumbi ulitulia, wazee wengine waliinamisha vichwa kama kwenye sala, na mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kuona hivyo kulimtia hofu kuliko kingine chochote. Lakini alikuwa ameshaanza. Alipumua, akasema kwamba sasa atatafsiri, na akatafsiri.

Macho ya watu wote yalielekea meza ya Mugeta, alikokaa baba wa bwana harusi, Mzee Ryoba, mtu mnene mwenye fimbo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi. Sabina aliendelea harakaharaka na maandishi ya nyuma, na penseli ya padri, na jogoo mwekundu, na Jumapili za miaka kumi na moja. Alisema hiyo ndiyo baraka yenyewe na hana nyingine.

Mzee Ryoba alisimama kwa kuegemea fimbo. Akaomba kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kuuma.

"Sisi tulileta ng'ombe," alisema. "Mngetuambia mapema kwamba hapa kinachotakiwa ni jogoo."

Ukumbi ulilipuka. Eliud, ambaye alikuwa amesimama karibu na spika akiwa tayari kuongeza muziki, alikaa chini ghafla na kufunika uso kwa mikono, na mkewe hakujua kama anacheka au analia. Brenda alicheka mpaka shela ikamdondoka upande mmoja. Mzee Ryoba hakuwa amemaliza. Aliongeza kwamba yeye kwa umri wake amehudhuria harusi nyingi, na baraka zote alizowahi kusikia zilikuwa za kusomwa tu. Hii ya leo ilishaliwa, na ilionekana kwamba walioila walishiba. Kisha akarudi kwenye chakula chake.

Siku hiyo jioni mapema, kabla Sabina hajaondoka, Bibi Nyamburi alimwita pembeni, alikokuwa amekaa amevua viatu. Sabina alimkabidhi bahasha. Alirudia kumweleza habari ya wino, kwamba isirudi kwenye ukuta ule, kwamba ikae gizani, pakavu, mbali na mende, ndani ya karatasi isiyo na tindikali, na kwamba angewaletea vifaa hivyo bure na kuwafundisha.

Bibi Nyamburi alisikiliza yote hayo. Akauliza zile nyingine za kwake zinakaa wapi. Sabina akamweleza habari ya sanduku la bati. Akauliza kama bado kuna nafasi. Sabina akasema ipo.

"Basi ikae na wenzake," alisema bibi, akamrudishia. "Lakini siyo yako. Ukisikia kuna harusi yetu, unaileta mwenyewe, unaisoma mwenyewe. Usimtume mtu."

Sabina alijaribu kusema kitu kuhusu kuandikishiana, kwamba ingefaa kuwe na karatasi ya makabidhiano na saini za pande zote. Bibi alikuwa ameshageuka, anatafuta viatu vyake kwa mguu.

Njia nzima ya kurudi Musoma alikaa na mkoba magotini na hakuongea na jirani yake wa kiti, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo jirani huyo alilielewa vibaya. Kesho yake alasiri alinawa mikono, akatandika kitambaa cheupe, na kukilaza kijibarua cha Garancher mezani pamoja na vile thelathini na kimoja. Stellah alikuja kukiona. Alisema ni kidogo kuliko alivyofikiria. Sabina alikubali, na wakakitazama hivyohivyo mpaka chai ikapoa.

Alichokuwa hajakihesabu ni ukubwa wa ukoo. Bernado alikuwa na watoto tisa, na watoto tisa wale hawakukaa bure. Huu ni mwaka wa tatu sasa, na Sabina amesoma habari za jogoo yule kwenye harusi saba, na jubilei moja ya ndoa iliyopigania haki ya kuhesabiwa kama harusi. Amesoma kanisani, ukumbini, na mara moja Suguti chini ya turubai lililokuwa linataka kupeperuka, akiwa amekumbatia bahasha kwa mikono miwili. Anawekwa meza ya shangazi. Anaulizwa ushauri juu ya mashemeji. Watoto asiowajua wanamwamkia kwa jina la Bibi Jogoo, na wazazi wao hawawakatazi.

Wiki iliyopita Eliud alituma ujumbe: mwezi wa kumi na mbili kuna harusi mbili, siku ileile, saa ileile, moja Butiama na nyingine Musoma mjini. Sabina alimjibu kwamba karatasi ni moja, yeye ni mmoja, na wazungumze wenyewe wamwambie. Mpaka leo hawajaelewana.